Tathmini ya huduma ya sindano za jicho kwa uvimbe wa mishipa ya retina katika kliniki moja jijini Dodoma

Huduma ninayoitathmini ni ya kliniki ya macho iliyo ndani ya hospitali moja jijini Dodoma, ambako mdogo wangu wa kike anatibiwa uvimbe wa mishipa ya damu ulioota kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya jicho lake la kushoto. Natanguliza hukumu yangu: ni huduma nzuri, na uzuri wake mkubwa hauko katika ustadi wa kuchoma sindano, ingawa ustadi huo upo, bali katika ukweli ambao madaktari wake walitueleza tangu mwanzo kuhusu kile ambacho sindano inaweza kukifanya na kile isichoweza.

Huku kwetu katikati ya nchi, mtu akilalamika macho, wazo la kwanza la wengi ni vikope, kwa sababu ugonjwa huo umewatesa watu wa Kongwa na wilaya za jirani kwa vizazi vingi. Na kama mgonjwa ni mtu mzima, watu watasema ni mtoto wa jicho. Macho ya mdogo wangu yalikuwa meupe na hayakuwa na tongotongo wala maumivu. Aliona mistari iliyonyooka ikipinda, na katikati ya uoni wake pakatanda ukungu. Kabla ya kufika katika kliniki hii alipewa matone kwingine, kisha miwani, na hakuna aliyeitanua mboni yake ili kuchungulia ndani. Hapa walimwekea dawa ya kutanua mboni siku ile ile ya kwanza, wakaikagua retina hadi pembezoni kabisa, mahali ambapo uvimbe wa namna hii hupenda kukaa. Waliukuta huko: mviringo wenye rangi kati ya nyekundu na chungwa, ukilishwa na ateri moja iliyonenepa na kutolewa damu na vena iliyonenepa vilevile. Kipimo cha OCT, ambacho huonyesha tabaka za retina kama zimekatwa ubavuni, kilidhihirisha maji yaliyokusanyika kwenye makula, sehemu ya katikati tunayoitumia kusomea na kutambua nyuso. Uvimbe wenyewe ulikuwa mbali na katikati, lakini maji yaliyovuja kutoka kwake yalikuwa yamesafiri hadi huko, na ndiyo yaliyokuwa yakimharibia uoni.

Daktari bingwa aliutaja uvimbe huo kwa jina la hemanjioblastoma na kutuhakikishia kwamba si saratani, kisha akaeleza matibabu kwa lugha ambayo mama yetu, aliyekuja kutoka Mpwapwa, aliifuata bila taabu. Alisema, “Mama, sindano hii itapunguza maji yanayovuja, lakini haitauondoa uvimbe. Uvimbe tutauchoma kwa leza maji yakishapungua.” Seli za uvimbe huu huzalisha kwa wingi protini iitwayo VEGF, ambayo huiamrisha mishipa mipya kuota na kuifanya mishipa iliyopo ipitishe maji. Dawa inayodungwa ndani ya jicho huikamata protini hiyo kabla haijafanya kazi, hivyo uvujaji hupungua. Chanzo hubaki palepale, kwa sababu seli zenyewe zinaendelea kuishi na kuizalisha protini hiyo upya pindi dawa inapokwisha. Ndiyo maana uvimbe mdogo uliopo pembezoni hutibiwa hasa kwa leza, mkubwa zaidi kwa kugandishwa kwa baridi kali, na sindano huwa msaidizi. Pale uvimbe unapokaa juu ya neva ya jicho, ambako leza inaweza kuua neva yenyewe, sindano hupewa nafasi kubwa zaidi, na hata hapo matokeo hutofautiana sana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Daktari aliongeza tahadhari ambayo naiona ya maana sana: uvimbe ukiwa umeambatana na makovu, dawa inaweza kuyafanya makovu hayo yajikaze na kuivuta retina ibanduke, kwa hiyo alizipitia picha tena kabla ya kukubali kudunga. Mtoa huduma anayezungumza hivi kabla ya kupokea malipo anastahili kuaminiwa.

Dawa wanayoitumia ni bevasizumabu, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la biashara la Avastin. Ilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na matumizi yake ndani ya jicho yalienea baadaye kwa sababu ya bei: kichupa cha miligramu 100 hugawanywa katika mabomba mengi madogo, kwani jicho moja huhitaji miligramu 1.25 tu, katika ujazo wa mililita 0.05. Ugawaji huo ndio mahali pa hatari, kwa kuwa uchafu ukiingia wakati wa kugawa, wagonjwa kadhaa wanaweza kuumia kwa pamoja. Niliangalia kwa makini, na nilichokiona kiliniridhisha. Bomba lilitolewa kwenye jokofu likiwa na lebo ya tarehe na namba ya toleo, na muuguzi akaiandika namba hiyo kwenye faili la mgonjwa.

Uchomaji wenyewe ni wa muda mfupi kuliko maandalizi yake. Matone ya ganzi hutangulia, kope na jicho husafishwa kwa povidoni aidini, kifaa kidogo huzishikilia kope zisifumbe, na sindano nyembamba huingizwa kwenye weupe wa jicho, takriban milimita 4 kutoka ukingo wa konea, kioo cha mbele ya jicho, mahali ambapo haigusi lenzi wala retina. Mdogo wangu anasema anahisi msukumo, si maumivu makali, na kwamba kinachomsumbua zaidi ni mwasho wa aidini jioni ile. Baada ya kudungwa daktari humwonyesha vidole ahesabu, kuhakikisha damu bado inafika kwenye retina, kisha muuguzi hurudia dalili za hatari: maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, uoni unaoshuka, mwanga kuumiza. Maambukizi ndani ya jicho ni nadra, takriban sindano 1 kati ya 2,000 au 3,000, lakini yakitokea jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache, na mgonjwa anapaswa kurudi siku hiyo hiyo bila kungoja miadi.

Jambo ambalo limenifanya niandike tathmini hii ni kwamba kliniki haikuishia kwenye jicho. Hemanjioblastoma ya retina mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa kurithi unaoitwa von Hippel-Lindau, kwa majina ya daktari wa macho Mjerumani Eugen von Hippel na Msweden Arvid Lindau, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 1993. Mwenye ugonjwa huo anaweza kuota uvimbe kwenye ubongo, uti wa mgongo, figo, kongosho na tezi za juu ya figo, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Daktari alimpima shinikizo la damu papo hapo, akaagiza picha za figo na za ubongo, akatuomba sisi ndugu zake tuje kutanuliwa mboni. Hakuna aliyelipwa zaidi kwa kutuita, na ingekuwa rahisi kwao kumtibu mgonjwa mmoja na kunyamaza.

Mapungufu yapo, nayo si madogo. Fomu ya ridhaa imeandikwa kwa Kiingereza, na mama yetu alitakiwa kuweka sahihi kama shahidi kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, katika hospitali ambayo kila mtu ndani yake anazungumza Kiswahili. Dawa iliwahi kukosekana miadi ikiwa imefika, na hatukupigiwa simu, ilhali tulikuwa tumeshasafiri. Miadi ya leza nayo ilisogezwa mbele, jambo ambalo kwa ugonjwa huu lina madhara, kwa kuwa faida ya sindano hudumu kwa wiki kadhaa tu na maji hurudi. Zaidi ya yote, kliniki inapofungwa mwisho wa juma hakuna namba ya daktari wa macho wa zamu. Kumwambia mgonjwa arudi siku hiyo hiyo akiona dalili za hatari, kisha akute mlango umefungwa, ni pengo ambalo uongozi unapaswa kuliziba kabla ya kununua mashine yoyote mpya.

Kwa sasa picha za OCT zinaonyesha maji kwenye makula yamepungua sana, mistari imenyooka, na mdogo wangu amerudi kusoma herufi za kawaida kwa jicho hilo, ingawa ukungu kidogo umebaki. Uvimbe umesinyaa baada ya leza, si baada ya sindano, kama tulivyoambiwa. Atahitaji kuchunguzwa macho yote mawili kila mwaka, pengine mara nyingi zaidi, maana kwa wenye ugonjwa huu uvimbe mpya unaweza kuota mahali pengine wakati wowote. Kwa anayetoka Kondoa, Manyoni au Singida, nashauri apige simu mapokezi siku moja kabla aulize kama dawa ipo na kama mashine ya leza inafanya kazi, aje na kadi ya bima pamoja na picha zote za zamani, na awe na mtu wa kumsindikiza, kwa sababu mboni ikishatanuliwa mwanga wa jua la Dodoma haustahimiliki kwa saa kadhaa.