Mbia akifariki katikati ya mwaka: faida igawanywe kwa miezi au kwa mauzo?

Tuseme wabia wawili wana duka la sare na madaftari, Dar es Salaam, wakigawana faida 3 kwa 2. Wa pili anafariki Machi 31, na hesabu hufungwa Desemba, kwa hiyo faida ya miezi hiyo mitatu inakadiriwa kwa kutumia ya mwaka jana. Faida ya mwaka jana ilikuwa shilingi 24,000,000, mauzo 120,000,000.

Kwa miezi, kazi ni nyepesi: miezi mitatu kati ya 12 inatoa 6,000,000, na fungu la marehemu, sehemu mbili kati ya tano, ni 2,400,000. Kalamu na kikokotoo vinatosha.

Kwa mauzo, unafungua kitabu cha risiti. Shule hufunguliwa Januari, wazazi wanapanga foleni mpaka mlangoni, na kufikia Machi duka limeuza 48,000,000. Mwaka jana kila shilingi 100 ya mauzo ilileta faida ya 20, kwa hiyo faida ni 9,600,000. Fungu la marehemu: 3,840,000. Tofauti ni 1,440,000, na kwa mjane mwenye watoto hiyo ni ada.

Mimi nachagua mauzo kwa biashara yoyote yenye msimu, ilimradi risiti zipo na kiwango cha faida hakijabadilika sana. Njia ya miezi naiachia biashara inayouza sawasawa mwaka mzima, kama kinyozi.

Vyovyote vile, fungu hilo huingizwa kwenye akaunti ya mtaji ya marehemu, pamoja na haki yake katika jina zuri la biashara, yaani thamani ya sifa ya duka na wateja wake. Salio lote huhamishiwa kwa msimamizi wa mirathi, kama deni la duka.