Riwaya za wapweke wa sekondari ya Kijapani: kabla ya kulipa, hesabu nusu zake

Msomaji mmoja amenitumia picha ya rafu yake: riwaya ya Kijapani Oregairu, juzuu 14, mgongo kwa mgongo, zinang'aa. Kauziwa kama "seti kamili". Swali lake lilikuwa hili: yule binti Sagami, aliyevuruga maandalizi ya tamasha la shule katika juzuu ya 6, mbona habari zake zinakatika hewani? Hazikukatika, mdogo wangu. Zimeendelea kwenye juzuu ya 6.5, ambako Sagami anapewa mashindano ya michezo ayasimamie. Muuzaji wako hakuileta, na sidhani kama alijua ipo.

Kwa hiyo leo siongelei ubora wa karatasi wala idadi ya michoro. Hayo kila mtu anayauliza. Naongelea nusu. Wachapishaji wa Japani wakiwa na hadithi za kati, zisizotosha kusukuma kisa kikuu lakini zinazokaa ndani yake, huzipa namba yenye nukta tano. Mnunuzi anaona 1 hadi 14 anadhani kamaliza. Riwaya hizi zinaishi kwa ulimi wa msimulizi. Kejeli aliyoitupa leo anakuja kuilipia juzuu mbili mbele. Ukiruka nusu, unacheka mahali ulipotakiwa kuumia.

Nimezipanga riwaya za aina hii kwa ninavyozipenda. Ya kwanza kwangu ni hiyohiyo Oregairu, na sijifanyi hakimu asiye na upande. Oregairu ni ufupisho wa jina la Kijapani; jina la kutafutia kwa Kiingereza ni *My Youth Romantic Comedy Is Wrong, As I Expected*, la Wataru Watari, michoro ya Ponkan8. Kijapani juzuu kuu zilitoka 2011 hadi 2019, Kiingereza inachapishwa na Yen Press. Hikigaya Hachiman anasoma sekondari huko Chiba, jirani na Tokyo, hana rafiki, na anaandika insha ya kuulaani ujana. Mwalimu Hiratsuka anaisoma, anachoka, anamsukumia kwenye chama cha kuwasaidia wanafunzi wengine. Humo yumo Yukinoshita, binti mwenye maneno makali kuliko yake, na baadaye anaingia Yuigahama, anayependwa na wote na ambaye hawezi kumwambia mtu hapana.

Hachiman anachekesha kwa sababu mara nyingi anayosema kuhusu wenzake ni kweli. Shida inaanzia hapo. Kwenye tamasha lile anamtukana Sagami makusudi, mbele ya mashahidi, ili hasira za shule zimwangukie yeye badala ya binti. Mbinu inafanya kazi, na waliompenda ndio wanaoumia. Vitabu vingi vya vijana vingempigia makofi. Watari anamwacha mtoto wa watu aendelee kujiona mjanja mpaka ujanja wenyewe umgeukie.

Orodha yako basi: juzuu 14, halafu 6.5, 7.5, 10.5 na 14.5. Jumla 18. Pesa ikipungua, 14.5 inaweza kusubiri maana inakuja baada ya mwisho. 6.5 haisubiri. Na angalieni sana neno "comic" mwishoni mwa jina: hicho ni kitabu cha katuni chenye hadithi ileile, na kuna wauzaji wanaokupostia picha ya riwaya kisha wanakutumia katuni. Ukilalamika unaambiwa si jina ni hilohilo?

Nafasi ya pili, *Bottom-Tier Character Tomozaki* ya Yuki Yaku, iliyoanza 2016. Kama kununa kwa Hachiman kunakukera, chukua hii. Tomozaki ndiye bingwa wa Japani wa gemu moja ya mapigano, na anaamini maisha ni gemu iliyoundwa vibaya. Hinami, malkia wa darasa, anampinga na kumpa mazoezi ya kuyacheza maisha hayo. Hapa nusu ni 6.5 na 8.5.

Ya tatu ni *Too Many Losing Heroines!* ya Takibi Amamori (2021), inayotokea katika mji wa Toyohashi, Japani. Nukumizu anajiona mpita njia katika maisha ya wengine, mpaka anapomlipia bili ya mgahawa Yanami, binti aliyetoka kukataliwa na mvulana anayempenda na anayekula kama mchwa. Deni lenyewe Yanami anamlipa kwa chakula cha mchana. Ndiyo inayochekesha kuliko zote hapa. Zote tatu Kijapani ni za Gagaga Bunko, lebo ya mchapishaji Shogakukan, na mimi ni mtu wa Gagaga, mnisamehe.

Mfululizo wa *Rascal Does Not Dream* (Hajime Kamoshida, 2014) nauweka wa nne, ingawa kisa cha Mai, mwigizaji ambaye watu wanaanza kutomwona, ni kizuri mno. Wenyewe una ugonjwa wa kinyume: majina ya juzuu hayana namba kabisa. Andika pembeni: Bunny Girl Senpai, Petite Devil Kohai, Logical Witch, Siscon Idol, ndipo uendelee.

*Classroom of the Elite* mnaipenda, najua. Ina 4.5, 7.5 na 11.5, halafu mwaka wa pili wa shule namba zinaanza tena moja! Zaidi ya hapo, mashabiki waligundua vipande vimeachwa katika tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 2021 Seven Seas, mchapishaji wake wa Kiingereza, ikatangaza kuirekebisha. Ukinunua juzuu za mwanzo za mtumba, uliza ni chapa ipi.

Wenye bajeti ndogo: *Toradora!*, juzuu 10, au nakala za kielektroniki za maduka ya mtandaoni ya BookWalker na Kindle. Tuendelee.

Bei sasa. Japani kitabu cha aina hii ni cha kuingia mfukoni, chini ya yeni 1,000. Cha Kiingereza ni kama dola 15 kabla hakijapanda ndege. Nakubali, usafiri ni ghali. Nisichokubali ni "bei njoo inbox". Bidhaa umeiweka hadharani, bei unaificha ya nini, kama si kunitazama picha yangu kwanza? Mwenye ndugu Dubai amtume duka la vitabu la Kinokuniya pale Dubai Mall, bei imebandikwa nyuma ya kitabu. Muuzaji mmoja wa hapa mjini, nilipomwomba 10.5, aliniambia yeye vitabu nusu hauzi, anauza vizima tu.