Kliniki ya Sheria ya Wanafunzi Hapa Iringa: Nani Aende, na Aende Lini

Kliniki ya sheria inayoendeshwa na wanafunzi wa chuo kimoja hapa Iringa mjini inamfaa mtu yeyote mwenye jambo la mirathi, ardhi ya kijijini, matunzo ya mtoto au ajira, ilimradi jambo lenyewe halijafikia siku zake za mwisho kisheria. Hayo ndiyo maoni yangu baada ya kumsindikiza shangazi yangu kutoka Kilolo kwa miezi kadhaa, na ninayaeleza kwa kirefu kwa sababu kila ninayemtajia kliniki hiyo huniuliza kama ni busara kumkabidhi shamba la familia kijana ambaye mwenyewe bado anafanya mitihani.

Kwanza ieleweke kinachofanyika pale. Wanafunzi hao si mawakili na hawajifanyi mawakili. Wanasikiliza, wanaandika maelezo, wanatafuta kifungu kinachohusika, wanaandaa barua na nyaraka za mahakama, kisha kila karatasi inapita mikononi mwa mhadhiri ambaye ni wakili kabla haijamfikia mteja. Mahakamani mteja anasimama mwenyewe. Nchini Marekani mahakama za majimbo mengi humruhusu mwanafunzi wa sheria kumsemea mteja mbele ya hakimu akiwa chini ya usimamizi wa wakili, lakini kwa hapa kwetu kazi kubwa ya kliniki ni kumwandaa mtu ajisemee. Huduma ni ya bure kabisa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo pia inawataka watoa msaada wasajiliwe, na cheti cha usajili kimetundikwa ukutani mahali ambapo kila anayeingia anakiona. Nauli, gharama za nakala na ada za mahakama ni juu ya mteja, na jambo hilo tuliambiwa siku ya kwanza bila kuzungushwa.

Shangazi alikuja na shauri ambalo wakazi wa Kilolo na Mufindi wanalifahamu vizuri. Mume wake alifariki akaacha shamba la misonobari iliyokaribia kuvunwa, na kabla hata arobaini haijatimia, shemeji yake akaanza kuwaleta wanunuzi wa mbao kulitazama. Huku kwetu shamba la miti ndiyo akiba ya uzeeni na karo ya wajukuu, hivyo shangazi alikuwa na neno moja tu mdomoni, nalo ni kumshtaki shemeji.

Aliyetupokea alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, mwenye adabu, aliyemwamkia shangazi kwa shikamoo na kumpa kiti kilicho mbali na mlango kwa sababu ya baridi. Alimwacha aseme mpaka amalize, jambo ambalo katika ofisi nyingi nilizowahi kuingia halitokei. Tatizo lilijitokeza alipoanza kumjibu. Vijana hawa wanafundishwa sheria kwa Kiingereza, ilhali tangu mabadiliko ya mwaka 2021 lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, na wazee wengi wanaokuja wanawaza kwa Kihehe au Kibena. Kijana akakwama katikati ya sentensi, akatoka, akarudi na mwenzake wa kike mzaliwa wa Mufindi. Binti huyo akamsalimia shangazi kwa kamwene, akavuta kiti karibu, na kuanzia hapo mazungumzo yakaenda. Ningeshauri uongozi wa kliniki upange zamu kwa kuzingatia jambo hilo, badala ya kuliachia bahati ya nani yupo siku hiyo.

Tuliporudi mara ya pili, kijana alikuwa ameandaa maombi ya kurasa kadhaa ya kupeleka katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yalikuwa yameandikwa vizuri. Alijua kwamba Baraza la Kata siku hizi halitoi uamuzi, kwamba kazi yake imebaki usuluhishi tu, na kwamba mgogoro unapaswa kupitia huko kwanza, ndipo upelekwe wilayani ukishindikana au siku 30 zikipita bila suluhu. Alitueleza hayo yote kwa kujiamini, na shangazi akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mhadhiri akaingia, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akauliza swali moja: msimamizi wa mirathi ni nani?

Hakuwapo. Shamba lilikuwa bado na jina la marehemu kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, na mali ya marehemu haidaiwi na mjane kwa ujane wake wala na mdogo wa marehemu kwa udugu wake, bali na yule aliyeteuliwa na mahakama kuisimamia. Maombi yale yangefika barazani yangetupwa siku ya kwanza kwa sababu aliyeyaleta hakuwa na mamlaka, na shemeji angerudi kijijini akitangaza kwamba ameshinda kesi. Mhadhiri hakumgombeza mwanafunzi wake wala hakuyasahihisha yeye mwenyewe. Alimwambia amweleze mteja kwa nini karatasi ile inawekwa kando na nini kinafuata, kisha akakaa pembeni kusikiliza. Kijana alitokwa na jasho asubuhi ya mwezi wa saba, ambayo kwa anayeijua Iringa si jambo la kawaida, lakini alieleza: kikao cha ukoo kikae na muhtasari wake usainiwe, cheti cha kifo kipatikane, kisha maombi ya usimamizi yapelekwe katika Mahakama ya Mwanzo ya huko huko marehemu alikokuwa akiishi, wala si hapa mjini kwa sababu tu kliniki ipo mjini.

Mimi huduma naipima kwa tukio hilo. Kitabuni mgogoro wa ardhi una sura yake na mirathi ina sura yake, na mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri katika masomo yote mawili asijue kwamba mama aliyekaa mbele yake amekuja na yote mawili kwa pamoja, tena akiyaita kwa jina la tatu. Wakati matokeo ya Shule ya Sheria, ambako wahitimu wa sheria husomea uwakili, yalipozua mjadala nchi nzima mwaka 2022, waliofaulu moja kwa moja wakiwa 26 kati ya 633, na Waziri Damas Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza, lawama zilielekezwa huku na kule: kwa shule yenyewe, kwa vyuo vinavyoipelekea wahitimu, kwa wanafunzi. Sina uwezo wa kuamua ugomvi huo. Ninachoweza kusema ni kwamba kijana aliyelazimika kumweleza mjane wa Kilolo kwa nini kazi yake ya wiki nzima inawekwa kando hatasahau tena kuuliza mali ni ya nani kabla ya kuuliza imevamiwa na nani.

Kasoro zipo, na moja ni nzito. Chumba cha mahojiano kimegawanywa kwa makabati, na sauti inapita juu yake bila kizuizi. Tukiwa kwenye benchi tulisikia, bila kutaka, jinsi mama mmoja alivyokuwa akielezwa kwamba kabla ya kudai talaka mahakamani ni lazima apite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Maelezo yalikuwa sahihi na ya upole, ila mji huu ni mdogo, na si haki mambo ya nyumba ya mtu yasikike na watu wanaosubiri zamu. Chuo kinachofundisha usiri wa mteja darasani kingeweza kuanza na mlango.

Kasoro nyingine ni kalenda. Muhula ukiisha, wanafunzi wanaondoka, na anayelipokea faili baada yao anaanza kulisoma upya. Shangazi alisimulia habari yake kwa watu watatu tofauti, na mara ya tatu alikuwa amekasirika. Ndiyo maana nasema kliniki hii haimfai mwenye kukimbizana na tarehe. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30, na aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtu aliyebakiwa na siku chache katika hizo atafute wakili mara moja, au aseme tarehe yake mlangoni kabla hata ya kutaja jina.

Mahakama ilimteua shangazi kuwa msimamizi baada ya mvutano wa kawaida wa kikao cha ukoo, na mtendaji wa kijiji alipooneshwa barua ya uteuzi, wanunuzi wa mbao waliacha kuja. Baraza la ardhi halikuhitajika tena. Kilichobaki ni orodha ya mali, yaani fomu namba 5, inayotakiwa kurudishwa mahakamani ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, kisha hesabu za mgawanyo kwa fomu namba 6. Miezi hiyo minne inaangukia likizo ya chuo, kwa hiyo tulimwomba mhadhiri amkabidhi shangazi nakala kamili ya faili pamoja na fomu hizo, naye akatoa bila kusita. Anayekwenda pale aombe nakala yake kila anapotoka, aende mwanzoni mwa muhula, na abebe vyeti halisi pamoja na vivuli vyake, kwa sababu mashine ya kudurufu ya kliniki ilikuwa mbovu mara zote tulizofika.