Uzoefu wangu: kutafuta wa kuchapa kitabu cha mahafali ya kidato cha nne

Mimi ni mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, mlezi wa kamati ya kitabu cha mahafali kwa mwaka wa tatu sasa. Mwaka wa kwanza tuliumia. Tulizunguka Kariakoo tukikusanya profoma, tukachukua yenye bei ya chini, tukalipa nusu. Sampuli tulionyeshwa kwenye kompyuta tu, na pale ilipendeza kweli.

Vitabu vilifika usiku wa kuamkia mahafali. Nyuso za watoto zimezama kwenye wino, hutofautishi paji la uso na nywele. Binti mmoja alipekua kurasa za mkondo wake mara mbili, akaja kwangu: "Mwalimu, mimi niko wapi?" Nilimtafutia kwa kusoma jina chini ya picha. Hadi leo naumia nikikumbuka.

Mwaka wa pili sikuanza na bei. Nilibeba picha nne kwenye flashi, nikaomba kila kampuni inichapie ukurasa mmoja kwa karatasi ileile ya kitabu. Mbili zilikataa. Ya tatu ikanichapia kwenye karatasi ya fotokopi. Ya nne ndiyo tuliyofanya nayo kazi.

Fundi wa pale aliusogeza ukurasa wangu dirishani, akautazama kwa mwanga wa jua. "Mwalimu, skrini ina mwanga wake, karatasi haina. Hizi nyuso tuziongezee mwanga kidogo kabla ya kuchapa." Akachapa tena. Niliona mpaka kovu dogo kwenye nyusi ya kijana wangu mmoja. Fundi huyo ndiye pia aliyegundua kwamba picha tulizokusanya kwa WhatsApp zilikuwa zimebanwa, ukizikuza zinavunjikavunjika. Wanafunzi wakazituma upya kama dokumenti. Kurasa zetu nazo zilikuwa 46, na kitabu cha kupigwa pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4. Tukaongeza mbili tupu za kuandikiana ujumbe wa kuagana, na hizo ndizo watoto walizozikimbilia kwanza.

Bei ilikuwa shilingi 19,500 kwa nakala, tofauti na 15,000 za mwaka wa kwanza. Wazazi waling'aka kikaoni. Niliweka mezani kitabu cha zamani na ukurasa wa majaribio, vikazunguka mkono kwa mkono, wakapitisha.

Dosari ipo. Nakala 11 zilikatwa vibaya, kisu kikala majina ya pembeni. Walizirudia bila malipo, ila siku mbili zilitupotea. Tulipona kwa sababu tulikuwa tumepanga kupokea mzigo wiki mbili kabla. Nakusihi mwalimu mwenzangu ufanye hivyohivyo, maana Septemba na Oktoba shule nyingi zinagombania mashine zilezile. Na nusu ya pili ya malipo usiitoe kabla hujafungua maboksi na kuhesabu nakala mojamoja. Sisi tulihesabu palepale kaunta, ndipo tukalipa na kupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Mwaka huu tunarudi kwao. Picha za kwanza za majaribio nimeshawapelekea.