Kuunganisha Kicheza Muziki na Redio ya Gari: Kipi Kinunuliwe Kwanza Tanga

Anayeingia dukani Ngamiani kuulizia namna ya kusikiliza muziki wa simu au wa kicheza muziki kidogo kupitia spika za gari, mara nyingi huonyeshwa kwanza kirusha FM, kile kinachochomekwa kwenye tundu la kiwasha sigara na kuurusha muziki kwa masafa ya FM ili redio ya gari iupokee. Mimi nimekiweka nafasi ya mwisho, na sababu kubwa ni aina ya redio tulizonazo.

Magari mengi yanayotembea hapa yalitumika kwanza Japani. Redio za huko hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na baadhi ya zile mpya hufika 95, ilhali vituo vyetu hurusha kati ya 87.5 na 108. Kirusha FM kinachouzwa madukani hufuata mpangilio wetu, kwa hiyo kwenye redio ambayo haijaguswa kinabakiwa na kipande chembamba cha kuanzia 87.5 hadi 90 (au 95 kwa zile mpya), na humo humo itakubidi upate mahali pasipo na kituo. Mafundi hutatua tatizo la vituo kwa kufunga ekspanda kwenye waya wa antena ili ishushe masafa yote yanayoingia. Ikiwa ekspanda yako hushusha kwa megahezi 12, kirusha ulichokiweka 97 kitasikika redio ikiwa kwenye 85. Asiyelijua hilo hurudisha dukani kifaa kizima akidhani ni kibovu. Isitoshe, masafa uliyoyakuta matupu mjini yanaweza kuwa na kituo ukifika Korogwe, na kuanza kutafuta mengine huku umeshika usukani ni hatari.

Nafasi ya kwanza naipa waya wa AUX, yaani wa kuingiza sauti ya kifaa kingine kwenye redio, wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili. Ni wa bei nafuu, hauhitaji chaji, na sauti hupita moja kwa moja bila kuingiliwa na kituo chochote. Kabla ya kuununua, tafuta tundu lake usoni mwa redio, ndani ya kisanduku cha dashibodi na katikati ya viti, kwa maana wengine hukaa na gari miaka bila kujua kuwa lipo. Pandisha sauti ya kicheza muziki karibu na mwisho, kisha rekebisha kwa redio, la sivyo utapandisha na mikwaruzo. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, chomoa chaji ya simu: ukikoma, chanzo ni umeme wa altaneta (jenereta ya gari) unaopenya kwa sababu chaji na redio zina njia mbili tofauti za ethi, yaani za kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, na dawa yake ni kichujio kidogo kinachowekwa katikati ya waya huo.

Simu isiyo na tundu la spika za masikioni, kama iPhone zote tangu ile ya 7 iliyotoka mwaka 2016, inafaa zaidi na kipokezi cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu hilo hilo la AUX. Hicho ni cha pili, na kasoro yake ni kukumbuka kukichaji.

Cha tatu ni tundu la USB, ambalo redio nyingi za zamani hulisoma ikiwa tu flashi au kicheza muziki kimepangwa (kimefomatiwa) kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 na nyimbo ni za MP3. Cha nne ni kaseti yenye waya, inayoingizwa kwenye deki na waya wake kuchomekwa kwenye kicheza muziki, kwa gari ambalo deki yake bado inazunguka. Inaishinda FM kwa sababu sauti haipiti hewani.

Ikiwa redio haina tundu wala deki, ni afadhali kuibadilisha. Pima kwanza upana wa nafasi yake: redio nyingi za Toyota zina milimita 200, huku nyingi za madukani zikiwa na 180, hivyo mwambie muuzaji akupe pamoja na vipande vya pembeni vya kuziba pengo na soketi inayolingana na nyaya za gari, ili fundi asikate nyaya za asili.