Mwongozo wa Emacs kuhusu ndoano za kuhifadhi faili: nyota tatu kati ya tano

"Kaka, beti ziko wapi? Mbona maneno yamefuatana moja kwa moja kama barua ya posa?"

Huyo ni dada yangu, nilipomtumia kurasa za kwanza za shairi la babu nililokuwa nachapa kutoka kwenye daftari lake. Ni tarbia, beti 31, mizani 16 kila mshororo. Nachapa kwenye Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kwa Markdown, mtindo wa kupanga maandishi kwa alama chache, na Markdown ukitaka mstari ukatike unaacha nafasi mbili tupu mwishoni. Sasa mimi, kwa kupenda usafi, tangu siku za kuandika kodi nilikuwa na mstari huu kwenye mipangilio yangu, ndoano (hook), yaani kazi ya kukimbia yenyewe kila ninapohifadhi:

(add-hook 'before-save-hook #'delete-trailing-whitespace)

Kila nikibonyeza C-x C-s (Ctrl na x, kisha Ctrl na s) kuhifadhi, nafasi zote za mwisho wa mstari zinafagiwa, na zile za mashairi zikiwemo. Kosa langu, silikatai. Ila ndilo lililonikalisha chini nikausoma mwongozo, na huo ndio ninaoupima leo.

Kwanza nimpe haki yake. Unabonyeza C-h v, unaandika jina la ndoano, maelezo hayo mbele yako, bando liwepo lisiwepo. Ukitaka zaidi, C-h i inakufungulia orodha ya vitabu, na humo unakipata kile cha Emacs Lisp, lugha ya mipangilio yake. Na sikukuta sentensi ya uongo.

Shida ni kwamba kila sentensi ni kweli na bado hujui ushike ipi. Kwenye toleo langu, before-save-hook inaelezwa kwa sentensi mbili tu: hukimbia kabla bafa (maandishi uliyoyafungua) haijahifadhiwa, na hutumiwa na save-buffer, amri ya kuhifadhi, peke yake. Basi. Kwamba ndoano hiyo ni ya mafaili yote mpaka uiambie vinginevyo, hilo linakaa chini ya add-hook, na kwenye kitabu add-hook iko sura ya modi wakati kuhifadhi kuko sura ya mafaili. Dawa yangu ilikuwa herufi moja, t ya mwisho, inayoifanya ndoano iwe ya bafa moja, nikaiweka ndani ya prog-mode-hook, ndoano ya mafaili ya kodi, ili ufagio ubaki kwenye kodi:

(add-hook 'before-save-hook #'delete-trailing-whitespace nil t)

Nikanogewa. Nikaandika fanksheni ya kuhesabu mizani, ikikuta mshororo una pungufu au ziada itoe hitilafu ili faili lisihifadhiwe. Nikaitundika palepale, before-save-hook. Ujumbe ukatokea chini ya skrini, na faili likahifadhiwa kama kawaida! Nusu saa nikidhani nimekosea mabano. Jibu nililipata kwenye kodi yenyewe ya Emacs: hitilafu za ndoano hiyo hushushwa makusudi kuwa ujumbe tu, zisije zikamzuia mtu kuhifadhi kazi yake. Uamuzi wa busara kabisa, lakini kwa nini mtumiaji aende kuutafuta huko?

Nikahamia ndoano nyingine, write-file-functions. Huku hitilafu inazuia kweli. Ila kuna mtego mwingine: fanksheni ikirudisha kitu chochote kisicho nil (yaani "hakuna"), Emacs inahesabu kwamba faili limeshaandikwa, nayo haiandiki. Mwongozo unalisema hili wazi, hata wajibu wa nakala ya akiba unautaja. Ambacho hautaji ni namna mtu anavyonasa. Fanksheni yangu iliishia na (message "Mizani sawa"), na message hurudisha maneno yaleyale iliyoyaonyesha. Maneno si nil. Kwa hiyo kila shairi liliposahihishwa vizuri, ndipo halikuandikwa. Nilishtuka kwa ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili, saa ya faili ni ya jana.

Ningepewa kalamu, maelezo ya before-save-hook ningeyaandika hivi: "Itumie kusafisha au kubadilisha maandishi kabla hayajahifadhiwa. Haikimbii kama bafa haina mabadiliko. Hitilafu ndani yake haizuii kuhifadhi. Ukitaka kuzuia, tumia write-file-functions na uhakikishe inarudisha nil mambo yakiwa shwari. Ni ya bafa zote. Kwa bafa moja, mpe add-hook hoja ya nne." Sentensi sita na mtu anakwenda kulala. Nimeyatuma kwa Kiingereza changu cha kuombea maji, kupitia M-x report-emacs-bug, maana mradi huu unapokea marekebisho kutoka kwa yeyote.

Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya ile nusu saa na ile saa ya jana. Dada ameshapata beti zake, zimekatika panapostahili. Umebaki ubeti wa 19, mshororo wa tatu una mizani 15, na fanksheni yangu inakataa kuhifadhi mpaka nimeuwekea alama iuruke. Hapo mwongozo hauna hatia. Mwandiko wa babu umenishinda.