Orvieto kwa siku moja kutoka Roma: panga mizunguko yako vizuri

Kati ya miji ya kale iliyojengwa juu ya vilima Italia, Orvieto ndio ninaoupendekeza kwa asiyetaka kukodi gari. Treni kutoka Roma Termini inachukua saa moja na robo hadi na nusu hivi. Tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo faini inakuhusu.

Ukitoka kituoni, ng'ambo tu ya barabara kuna funikulari, kibehewa kinachovutwa kwa kebo hadi Piazza Cahen. Wengi wakishuka hapo hukimbilia kanisa kuu la mji. Mimi nasema anza na Pozzo di San Patrizio, kisima kilicho hapo hapo jirani. Papa Clement VII aliagiza kichimbwe baada ya Roma kuvamiwa mwaka 1527, mji usife kiu ukizingirwa. Ngazi ni mbili, zinazungukana bila kukutana: punda walishuka kwa moja wakapanda kwa nyingine na maji, bila kupishana. Ni vidato 248 kushuka na 248 kupanda, kwa hiyo miguu iwe haijachoka. Mwenye shida ya magoti asishuke. Chini kuna ubaridi na vidato vina unyevu. Viatu vya soli laini vinateleza.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1290, liache hadi mchana. Uso wake unatazama magharibi, na mozaiki zake (picha za vipande vidogo vya rangi) hung'aa jua likishaelemea upande huo. Lakini usikodolee juu tu. Nguzo nne za chini zimechongwa marumaru: ya kushoto kabisa utamwona Hawa akitolewa ubavuni mwa Adamu, ya kulia kabisa ni siku ya hukumu. Ndani, usiondoke bila kuingia kanisa dogo la San Brizio lenye michoro ya Luca Signorelli. Kwangu hiyo peke yake inalipa nauli.

Mapango yaliyochimbwa chini ya mji kwa kawaida huingiwa pamoja na kiongozi wa watalii, kwa saa maalumu, kwa hiyo kata tiketi mapema. Chakula nacho kina saa zake: kufikia saa tisa mchana majiko mengi yamefungwa hadi jioni.

Kurudi, tiketi ya treni ya kawaida haikuruhusu kupanda Intercity, yaani treni za masafa marefu, na baadhi ya Intercity husimama Tiburtina, kituo kingine cha Roma, hazifiki Termini.